Chupa ya Jerono na Breki za Mathenge

Mwaka wa 1953 mume wangu Wekoye alikuwa fundi wa magari Kitale. Miaka kumi na sita ya ndoa, sikuwahi kumwona akikaribia lango la Jerono, mpika chang'aa, pombe kali ya magendo, wa mtaa wa Tuwan. Jumamosi moja mchana nikamwona anatoka langoni hapo, chupa kwapani! Nilishtuka nikaangusha debe la maji. Na kesho yake, huko Kabuchai, angesimamishwa mbele ya waumini afanywe mzee wa kanisa.

Nilimfuata mbio hadi gereji, matusi yote nimeyapanga mdomoni. Nilimkuta chini ya gari kuukuu la Mathenge, mfanyabiashara wa mahindi kutoka mji wa Kwanza, aliyetuazima ili kesho tuwabebe wazee wa kanisa.

"Baba Nakhungu, umeanza lini?" nilimuuliza mume wangu.

"Kuanza nini? Ingia ndani unikanyagie breki."

Nilimnusa kwanza. Hakuwa amekunywa. Ndipo akanieleza kwamba masta ya breki, silinda inayosukuma mafuta hadi kwenye magurudumu, ilikuwa inavuja. Alikuwa ameifungua, akasugua kutu ya ndani mpaka ikang'aa, akatia raba mpya. Lakini mafuta ya breki yalikuwa yameisha Kitale nzima. Fundi mvivu angetia oili ya injini, raba zivimbe, watu wafe. Wekoye alijua njia ya zamani: mafuta ya mbarika, na hayo alipewa na Nyaguthii, mke wa Mathenge, yachanganywe na spiriti. Duka la dawa lilimfukuza, ati anataka kuinywa. Basi akaenda kwa Jerono. Chang'aa yenyewe aliijaribu kwa kiberiti kwanza, ikawaka kama spiriti.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

Tulitoa hivyo upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki mpaka pedali ikawa ngumu. Nilikuwa nakanyaga huku nawaza ya kesho. Niliogopa kanisa kuliko nilivyoogopa ajali, nasema ukweli.

Jumapili tukawapakia wazee watatu, Mzee Wabwile akiwa mkubwa wao. Karibu tufike Kabuchai, kwenye mteremko, ng'ombe wakamwagika barabarani. Nilifumba macho. Wekoye alikanyaga, gari likasimama hatua moja tu kutoka kwenye pembe zao.

"Mungu ni mwema!" Mzee Wabwile alikuwa anahema. "Fundi, hii bleki umetia nini, bana?"

Nilimfinya Wekoye mguu. Nilimfinya tena. Mtu asiyejua kudanganya ni taabu nyumbani.

"Mbarika na chang'aa, mzee."

Kisha milango ikafunguliwa, wale watatu wakashuka, wakashika njia kwa miguu na Biblia zao, maana hawangepanda pombe kwenda kanisani. Wekoye akawafuata polepole nyuma kwa gari, asije akaonekana anawapita wakubwa. Ibadani majina ya wazee wapya yalisomwa. Lake halikusomwa. Aliinamia viatu vyake, na mimi machozi yalinitoka mbele za watu.

Tulipotoka, mvua ilikuwa inanyesha kwa fujo. Sikuamini macho yangu: wazee watatu walikuwa wameshaketi ndani ya gari, wanapangusa makoti. Wekoye aliingia akawasha gari.

"Pole pole kwa mteremko, fundi," Mzee Wabwile akamwambia. "Na ushike hiyo bleki mapema."