Udongo wa Ukuta wa Mama Mkwe

Jambo hili nikilikumbuka masikio yananiwaka mpaka leo, na ninyi wenzangu mliozoea kuniona natembea taratibu kama mtu mwenye heshima zake mtanisamehe, maana kuna siku nilipitishwa mchana kweupe mbele ya watu wa Songea, mbele yangu askari mwenye bunduki, nyuma yangu mama mkwe, na kisa chote ni udongo.

Udongo wa kula, ndiyo. Kwetu upande wa Hanga tulipokuwa watoto tulikula vitu ambavyo mtu mzima hawezi kuvitaja bila kutazama pembeni kwanza: kumbikumbi wabichi na mbawa zao, panzi wa kubanika, mkaa wa jikoni tulioutafuna mpaka meno yakawa meusi, na hasa udongo wa kichuguu, ule mwekundu ambao mvua ya kwanza ikiugusa unatoa harufu ya kumwamsha aliyelala. Wenzangu wote waliacha walipokua. Mimi niliolewa nikiwa bado nakula.

Sasa mume wangu alikuwa safarini, amechukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi njia ya Kilwa, nami nikaachwa kwa mama yake, kwenye nyumba iliyokandikwa kwa udongo wa kichuguu (nani alimtuma fundi kuchagua ule, sijui). Nyuma ya mtungi wa ulezi nikaanza kumega kidogo kwa ukucha, kesho tena kidogo, na tundu likakua. Mama mkwe alipoliona akashuku panya, akatega mtego, panya hakunasa. Akamshuku jirani yetu, mama Tawete, kwamba anachimba kwa nje apate kuiba ulezi, au vibaya zaidi, apate mahali pa kupitishia uchawi, na wale wanawake wawili waliochota maji pamoja tangu usichana wakaacha kusalimiana. Nami nikanyamaza, maana kumwambia mkwe wako kwamba unaila nyumba yake, unaanzia wapi?

Tena ilikuwa miezi ya kushukiana. Maneno yalikuwa yanatoka mashariki kwamba kuna dawa, kuna maji, mtu akiyapata risasi ya Mdachi haimwingii, na watu waliyasema kwa kunong'ona huku wakitazama nyuma. Askari wa boma walishuku kila kibuyu na kila fundo la nguo, sisi tulimshuku kila mgeni kwamba katumwa na boma, na mtu akikusalimu kwa ukarimu uliozidi ulikaa siku nzima ukijiuliza alitaka nini.

Siku hiyo tulikwenda, mama mkwe na mimi, kuuza maharage kwenye soko lililo chini ya boma, na katika pindo la kaniki yangu nilikuwa nimefunga kipande cha ukuta. Jua lilipopanda hamu ikanishika, nikageukia pembeni (kwetu mke mgeni hatafuni mbele ya mkwe wake), nikafungua fundo, nikamega, nikatia mdomoni, na kilichobaki nikakifumbata. Nilipogeuka, askari alikuwa ananitazama.

"Umemeza nini?"

"Si kitu, bwana."

"Fungua mkono."

Nikaufumba zaidi. Mama mkwe aliacha kupima maharage, naye akautazama ule mkono. Niseme ni udongo, mimi mwanamke mzima, na yeye anasikia? Nikatafuta neno lenye heshima kidogo, nikalipata, nikalisema kwa sauti ya kutosha.

"Ni dawa."

Mwanamke aliyekaa karibu nami akavuta kapu lake la mihogo upande wa pili, na askari akaishusha bunduki begani.

"Dawa ya nini?"

"Ya tumbo."

"Tumbo lipi?" akauliza mama mkwe, tena kwa nia njema kabisa. "Mwanangu, tangu uje kwangu hujaumwa hata siku moja."

Basi, hapo nikawa nimekwisha. Tukapelekwa sote wawili, tukakalishwa chini langoni mwa boma tukisubiri kuitwa, na mama mkwe akasogea akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Mzee mmoja aliyeleta kuni akajifanya anafunga mzigo wake upya, akaniinamia.

"Binti, nani kakuletea? Nipatie kidogo, nina wanangu."

"Babu, shikamoo. Huu ni udongo tu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. "Vizuri. Ukiulizwa, sema hivyohivyo."

Nikamshuku kwamba katumwa kunitega. Baadaye nilisikia kwamba naye alifika kwake akiamini mimi ndiye niliyetumwa kumtega yeye.

Bwana mkubwa wa boma alikigeuza kile kipande kwa ncha ya kijiti, akanusa, akasema kama ni dawa ya tumbo basi niile pale pale. Nikaila. Na niwaambie kweli wenzangu, kiboko nilikuwa nakiona kimetundikwa, lakini ule udongo ulikuwa mtamu, na nadhani uso ulinisaliti, maana alizidi kunishuku, akamwamuru askari naye aonje. Askari akaonja, akatafuna kidogo, akatema.

"Udongo, bwana mkubwa."

"Kautoa wapi?"

Nilikuwa tayari kwa swali lolote isipokuwa hilo. Nikamtazama mama mkwe, nikatazama chini.

"Ukutani."

"Ukuta wa nani?"

Kabla sijafungua mdomo mama mkwe alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetiwa maji ya baridi mgongoni, nikajua hesabu ya lile tundu imemfikia.

Bwana mkubwa hakuamini. Akaagiza askari aende akauone huo ukuta, isije ikawa vibuyu vimefichwa ndani yake, na ndipo nikapitishwa njia yote kama nilivyowaambia, watu wakiacha majembe na vinu wakitufuata, wengine wakisema mchawi kakamatwa, wengine wakisema mleta dawa kakamatwa. Mama Tawete naye alikuja, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Askari akasogeza mtungi, akalikuta tundu na alama za kucha zangu zilizopangana. Hakuridhika. Akauchokoa ukuta kwa kitako cha bunduki, na ule ukuta, niliokuwa nimeula kwa miezi mpaka ukabaki ganda, ukaanguka wote kwa nje, mwanga ukaingia, vumbi jekundu likamfunika kuanzia kofia hadi viatu.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu ya bunduki. Akajipangusa uso, akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona kibuyu.

"Sasa mimi," akasema kwa upole wa kushangaza, "nikamwambie nini bwana mkubwa? Kwamba mwanamke amekula nyumba?"

"Basi panya kaonekana," akasema mama Tawete, na hapo kicheko kikawashinda watu.

Mama mkwe hakucheka. Alimwendea jirani yake, akapiga goti mbele ya umati ule, akaomba radhi, na hilo liliniuma kuliko ambavyo kiboko kingeniuma. Niliukandika ukuta peke yangu, watu wakipita makusudi wakiniuliza kama nimeshiba. Mume wangu aliisikia habari yangu akiwa bado njiani, kutoka kwa wapagazi wasiojua kwamba mke anayesimuliwa ni wake.

Haukupita muda vita vikaja kweli, na waliokutwa na dawa yenyewe hawakuambiwa waionje. Nikiwafikiria hao, kicheko huniishia mdomoni. Udongo niliuacha siku ileile, na tangu hapo mtu akiniuliza nimeshika nini, kwanza nafungua mkono. Maneno yatafuata baadaye.