Phase Three ya Kibera

Wasee, niko saiba, kwa kompyuta, mikono bado ina unga, lakini hii lazima muisikie leo leo.

Posho mill ya Sarang'ombe, ile tunasagia mahindi, ilikataa kuzunguka. Inanguruma tu, na foleni imefika barabarani.

Fundi Ouma akachungulia. "Hii mashine ni ya three phase, na phase moja imepotea."

Mama Nafula, aliyekuwa mbele yangu, akaruka. "Phase three si ni ule mtaa wa Buruburu? Hapa ni Kibera!"

Tulicheka hadi mahindi yangu yakamwagika.

Ouma hakucheka. Akamweleza kwamba ni nyaya tatu, na zinasukuma mota kwa zamu.

"Aah!" Mama akasema. "Kama watu watatu wakitwanga kwa kinu kimoja!"

Ouma akaunganisha kisanduku alichojiundia, kishike zamu ya ile phase iliyopotea. Mashine ikazunguka, lakini inatetemeka.

Mama akafunga macho, akasikiliza. "Huyo wa tatu anachelewa."

Ebu niambieni, nani kati yenu angesikia hiyo?

Ouma akarekebisha kidogo kidogo, Mama akimpigia makofi ya mdundo, hadi mlio ukawa laini.

"Mama," Ouma akauliza, "kwani unaishi phase gani?"

"Three. Ya Kibera."