Nilishonewa Ndani ya Suti Siku ya Mbuzi Wangu

Nimefungwa mara moja tu maishani, na jela yenyewe ilikuwa suti.

Sitanii. Nilishonewa ndani yake kwa sindano na uzi, nikiwa nimesimama wima, huku mbuzi wangu watatu wakinisubiri bafuni.

Ngojeni nianze mwanzo.

Ilikuwa mwaka wa 1981, mwezi wa Agosti, ile baridi ya Nairobi ya kuuma masikio. Mimi naitwa Kilonzo, mchonga vinyago wa Wamunyu. Shule niliionja vipande vipande, mwaka huu darasani, mwaka ujao mwituni natafuta miti ya kuchonga. Kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya, mezeni hivyo hivyo.

Nilikuwa nimempata msichana, Koki. Alikuwa anajifunza kushona kwenye chama cha akina mama. Baba yake, Mzee Maingi, alikuwa karani, na nyumba yao ilikuwa mtaa wa Jerusalem, huko Eastlands.

Sasa, kwetu Ukambani kuna mbuzi wa ntheo. Wasipochinjwa kwa kina msichana, hata mzae watoto kumi, huyo bado si mke wako. Kwa kawaida hupelekwa kijijini. Lakini Mzee Maingi alitaka mambo yafanyike kwake mjini, na wazee wa ukoo wakasafiri kutoka Mwala.

Aliniambia hivi, kidole kikiwa juu:

"Jumapili, saa kumi. Si saa kumi na dakika. Hawa wazee wana basi la kurudi."

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Nikaja Nairobi na lori, mimi na mbuzi watatu. Nikafikia kwa binamu yangu Kimeu, dereva, aliyekuwa na chumba Jericho. Mbuzi tukawafungia bafuni. Majirani wa ploti nzima walioga kwa ndoo nje siku mbili, na matusi niliyosikia siwezi kuyaandika hapa.

Kutoka Jericho hadi Jerusalem ni mwendo mfupi, mguu unatosha. Biblia inasema mtu mmoja aliteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Mimi nilikuwa naenda upande ule mwingine.

Nikaangukia mikononi mwa fundi wa nguo.

Jumapili asubuhi nilivaa suruali yangu mpya. Nilikuja na hiyo moja tu ya heshima; ile ya safarini ilinuka mbuzi. Kimeu akaniangalia miguu, akacheka mpaka akaketi.

"Wewe! Unaenda kwa wakwe ama unaenda kuwafagilia barabara?"

Kweli, ilikuwa ndefu.

"Peleka kwa Idarusi pale sokoni. Dakika kumi tu."

Nani aliwahi kupata nguo kwa fundi kwa dakika kumi?

Fundi Idarusi alikuwa mzee wa Kiswahili, asili yake Pwani, mpole, futi ya kupimia shingoni kama tai. Akanivua suruali pale pale nyuma ya pazia, akanipa kikoi chake.

"Rudi saa saba, mwanangu. Utaikuta inakungoja."

Nikarudi saa saba. Duka limefungwa. Mwenye kibanda cha jirani akaniambia, "Idarusi? Yuko ukumbini. Leo kuna maonyesho ya mavazi. Amebeba kila kitu, hata cherehani."

Nikaenda ukumbini nimevaa kikoi, shati jeupe na viatu vya ngozi. Watoto walinisindikiza njia nzima.

Mlangoni alisimama Mama Muhiba, mwenye maonyesho, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, ufunguo wa mlango ukining'inia shingoni. Hakuniuliza chochote. Alidhani mimi ni mmoja wa waonyeshaji, akanisukuma ndani na kuufunga mlango, maana nje vijana walikuwa wanataka kuingia bila tiketi.

Nikasikia ufunguo ukizunguka. Kra.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa wasichana, pasi za makaa na poda. Idarusi aliponiona alishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyeona maji jangwani.

"Mungu ni mkubwa! Simama hapo hapo."

"Fundi, nimefuata suruali."

"Iko tayari, iko kwenye kapu lile. Lakini nisikilize, mwanangu. Muhidin amenitoroka. Yeye ndiye angevaa suti ya bwana harusi. Suti ya mwisho! Nimeishona wiki tatu. Vaa, tembea mara moja, shuka, chukua suruali yako, nenda. Maonyesho yote ni nusu saa."

Nikaangalia saa ya ukutani. Saa nane kasoro.

Nikahesabu kichwani. Nusu saa. Kimeu yuko na mbuzi. Jerusalem si mbali.

Nikasema sawa. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Suti ilikuwa rangi ya krimu, kola pana kama masikio ya ndovu, suruali zile tulizoita belbotomu. Tatizo, Muhidin alikuwa dereva mwenye kitambi. Mimi nilikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Suruali ilianguka mpaka magotini, wasichana wakapiga kelele.

"Usijali," Idarusi akasema, sindano mdomoni. "Nitakupiga bandi."

Akakunja kitambaa mgongoni, akaanza kushona kwa mkono, mishono mirefu mirefu, hapo hapo mwilini. Kwapani akakaza. Kiuno akakaza. Makalio akakaza. Mapaja akakaza. Halafu, ili koti lisipande nikitembea, akalishonea kwenye suruali pande zote.

"Usikae," akaniambia. "Usiiname. Usipumue sana."

"Na nikitaka kwenda haja?"

"Usitake."

Saa nane unusu ikafika. Maonyesho hayakuanza. Mgeni wa heshima hajafika.

Saa tisa. Mgeni hajafika.

Nilisimama katikati ya kile chumba kama kinyago ambacho hakijapata mnunuzi. Jasho likatiririka mgongoni na sikuweza kujifuta. Wote walikuwa wamekaa isipokuwa mimi.

Ndipo nikasikia sauti dirishani. Ni Kimeu, ameshika vyuma vya dirisha.

"Kilonzo! Wazimu umekupata? Saa tisa hii! Mbuzi mmoja amekula pazia la jirani, Mama Kalekye, na huyo mama amechukua mwiko!"

"Nakuja!"

"Vua hiyo nguo utoke!"

"Siwezi! Nimeshonewa!"

"Ume... nini?"

"Nimeshonewa ndani, Kimeu!"

Halafu nikamsikia akicheka, ile ya kukosa pumzi. Kisha akaacha kucheka.

"Mwana wa mama, yule mzee ni karani. Anaishi kwa saa. Toka."

Nikamwendea Mama Muhiba, nikitembea kama mtu aliyemeza ubao.

"Mama, nifungulie tafadhali. Nina wakwe."

"Nguo za maonyesho hazitoki mlango huu kabla hayajaisha," akasema. "Vua, nitakufungulia sasa hivi. Hutaki kuvua, ngoja kama wenzako."

Nikarudi kwa Idarusi. "Nifumue, fundi."

Akanitazama kwa macho ya mtu anayefiwa. "Wiki tatu, mwanangu. Macho yangu haya yameisha kwa suti hii. Mgeni ameshuka kwenye gari, msikilize! Mara moja tu."

Basi nikaendelea kusimama.

Saa tisa unusu muziki ukaanza. Wasichana wakapanda, wakashuka. Vitenge, kanga zilizoshonwa magauni, kofia ambazo hakuna mtu angevaa kwenye jua la kawaida. Zamu yangu ilifika saa kumi kasoro dakika kumi.

Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa, bwana harusi wetu!"

Nikapanda.

Kwa vile sikuweza kupinda mgongo wala kuharakisha, nilitembea polepole, kifua mbele, shingo wima. Ukumbi ukadhani hiyo ni maringo. Ukalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akavua kitambaa cha kichwa akanitupia. Niliinua mkono kuwapungia, halafu nikaushusha taratibu.

"Rudia! Rudia! Rudia!"

Niliposhuka, kapu la suruali yangu lilikuwa pale pale. Idarusi analia kwa furaha.

"Wanakutaka tena! Mara moja ya mwisho!"

Saa ya ukutani: saa kumi kamili.

Nikapanda tena. Nikajiambia ningefanya nini, nimefungwa. Halafu nikapanda mara ya tatu.

Mama Muhiba alifungua mlango saa kumi na moja. Sikungoja kufumuliwa. Nilitoka na suti ya fundi mwilini na suruali yangu begani, Idarusi akinifuata mpaka njiani: "Taratibu na magoti! Magoti!"

Kimeu alikuwa na mbuzi barabarani. Tukaenda Jerusalem, yeye akikimbia, mbuzi wakikimbia, mimi nikienda kama mlingoti.

Mzee Maingi alikuwa mlangoni. Viti vya wageni vilikuwa bado vimepangwa uani, vitupu. Sufuria ya chai imepoa.

Alinitazama toka viatu mpaka kola.

"Umependeza," akasema. "Unaoa wapi?"

"Mzee, nisamehe. Fundi alinishonea ndani ya..."

"Wazee wameondoka. Waliniuliza mkwe wangu yuko wapi, nikakosa jibu. Miaka sitini sijawahi kukosa jibu mbele ya ukoo." Akawaangalia mbuzi. "Warudishe hawa. Wamechoka."

Akaingia ndani.

Koki akatoka. Alikuwa amesuka nywele mpya. Nikamweleza yote, mbio mbio, mlango, ufunguo, sindano, mgeni wa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Alikushona kwa cherehani, ama ni bandi?"

Nikashangaa. Dunia inaanguka, yeye anauliza habari za mishono.

"Bandi," nikasema. "Kwa mkono."

"Haya," akasema. Akaingia, akafunga mlango polepole.

Suti nilimwachia Kimeu airudishe. Jumatatu nilipanda lori la kwanza lililosimama. Voi, Mombasa, Tanga, Lamu, Garissa. Nimechonga ndovu wa kutosha kujaza mbuga. Sikuoa. Kila nilipolala niliwasimulia watu kisa cha suti, walicheka, na mimi nikacheka. Fundi alinifunga, mwanamke mwenye ufunguo alinifunga. Ndivyo nilivyokisimulia miaka thelathini na mitatu.

Kimeu alipofariki nilirudi. Matanga yalikuwa kwa binti yake, mtaa wa Komarock. Jioni ya kwanza, watu wakinywa chai, wakaniomba kile kisa, maana marehemu alikipenda. Nikakisimulia. Uwanja mzima ukacheka.

Mwanamke mmoja hakucheka. Miwani, kichwa cheupe.

"Kilonzo," akasema. "Bado unatembea?"

"Bado, Koki."

Nilisikia kwamba aliolewa, akafiwa, akafungua duka la ushonaji, na wajukuu anao. Alinizunguka akaniangalia koti.

"Koti hili ulilinunua lini?"

"Mwaka juzi, Mombasa. Jipya kabisa."

"Geuka."

Nikageuka. Nyuma ya koti, pale chini penye mpasuko, kulikuwa na uzi mweupe umeshonwa msalaba. Nilikuwa nao miaka miwili. Nilidhani ndivyo makoti yalivyo.

Koki akashika ncha kwa vidole viwili, akavuta mara moja. Uzi wote ukatoka. Hakutumia mkasi wala nguvu. Akaniwekea kiganjani.

"Hii ndiyo bandi," akasema. "Fundi anaiweka ili nguo ishike kwa muda, ajue kama imekaa vizuri. Ukivuta, inatoka. Haijawahi kumfunga mtu."

Nikauangalia ule uzi.

"Siku ile nilikuuliza, ukaniambia ni bandi. Nikaelewa, sikukuuliza tena."

"Koki, mimi ni mtu wa miti. Sikujua."

"Haya," akasema. Kama vile vile.

Akaenda kuwamwagia wageni chai.

Sasa, ninyi wa mtandaoni si Koki, na mimi nimezeeka, kwa hivyo nitawaambia kile ambacho hata Kimeu hakukijua.

Ule mkono nilioinua jukwaani, mara ya kwanza kabisa. Nilipouinua nilisikia uzi ukiachia kwapani. Tap, tap, tap, kama maharagwe yakianguka sakafuni. Mishono mitatu kwa mpigo mmoja, na mimi sikutumia nguvu yoyote. Nikaelewa hapo hapo kwamba nikijikunja tu, suti yote itafunguka. Kapu la suruali yangu lilikuwa hatua kumi. Mama Muhiba alisema nikivua ananifungulia. Ilikuwa bado dakika kumi ifike saa kumi, na Jerusalem si mbali.

Nikaushusha mkono taratibu, ili usikatike mshono mwingine.

Kwa nini? Nilimpenda Koki. Lakini nilipowaza wale wazee wameketi, mbuzi amechinjwa, mimi ni wa nyumba moja na mtaa mmoja mpaka nizikwe, kifua kilinibana kuliko ile suti. Suti ilinipa sababu. Nikaivaa.

Ukijiona umefungwa, ndugu yangu, usikimbilie kumlaumu fundi wala mwenye ufunguo. Tafuta ncha ya uzi uvute kwanza.

Mimi sikuvuta. Niliogopa utatoka.