Maswali ya Udaktari Mbele ya Baba

Nilikuwa nasaga wimbi mwanangu alipoingia na barua: ameitwa kuhojiwa chuo cha udaktari, Jumatatu. Nikaendelea kusaga, nikamjaribu kwa swali kama watakavyomuuliza huko, "Mama amejifungua, damu haikatiki. Utafanya nini?"

Akainamisha kichwa. Baba yake alikuwa ameketi pale, na kwetu Wagusii kijana hataji mambo ya uzazi mbele ya baba.

"Na wale wazee watakaokuhoji, utawainamia pia?"

Mume wangu akatoka, akasimama nyuma ya ukuta. Ndipo kijana akajibu, vizuri kabisa. Heshima hiyo nimemfundisha mimi mwenyewe. Sijui Jumatatu ataiweka wapi.

Jioni nikapakua ugali, nikahesabu vichwa: saba, wote wapo. Mume wangu akamega tonge. "Hiyo damu, ulisema huzuiwaje?"

Kijana akamjibu, macho chini, lakini kwa sauti.