Jina Lisilotoka Redioni

Tepi Mondia si mtu wa mchezo. Ana miaka thelathini na mmoja na watoto wawili, na kabla ya kuja chuoni kwetu mjini Lae, huku pwani, alikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa kule Hagen, milimani. Mpe vali iliyokwama, ataifungua huku anapiga mluzi. Ila mwaka jana, kwenye kituo cha gesi cha huko mlimani tunachoshirikiana nacho kuwafundisha vijana, alishika redio akawa bubu. Wakamrudisha. Na bila miezi tisa ya mafunzo kituoni, shahada hakuna.

Mwaka huu nikampandisha tena mlimani na wenzake wanane, kugombea nafasi nne. Kwake ilikuwa mara ya mwisho. Tuliposimama kununua viazi vitamu vya kuchoma, nikambana.

"Enhe, Tepi, mwaka huu utasema, au tukununulie filimbi?"

"Kusema nasema, Mwalimu Geua. Shida ni yule mzee anayepokea redio chumba cha mitambo."

"Pundia? Amekufanya nini?"

"Amenizalia mke."

Kwa kina Tepi jina la mkwe halitoki mdomoni hata nyumba ikiwaka moto. Na sheria ya kituo inataka umwite aliye zamu kwa jina, mara mbili, ndipo useme gesi inavuja.

"Mwaka mzima unanificha? Una wazimu wewe?"

"Ungesema natafuta kisingizio."

Kweli ningesema. Tulipofika nikamwendea mkuu wa usalama wa kituo, nikamweleza. Akanisikiliza vizuri tu, akasema sheria ni sheria. Nilitoka nimenuna, nikatafuna popoo nje ya geti mpaka taya zikauma.

Siku ya jaribio la redio niliketi nyuma ya chumba cha mitambo, nimeagizwa nisifungue mdomo. Pundia, mzee mnene asiyecheka, akashika zamu. Lakini jana yake alikuwa amejaza tumbo kwa nyama ya nguruwe arusini, na tumbo likamkata. Akampisha Yalo, mfanyakazi mgeni, akatoka mbio.

Redio ikaita; mwanafunzi wa kwanza, aliye nje kwenye vali, hajui kuwa mzee ametoka. "Pundia, Pundia."

Yalo akatazama mlango.

"Pundia, Pundia, gesi inavuja!"

Yalo akanigeukia. "Mama, mzee anatafutwa. Yuko wapi?"

Sekunde hamsini zikapita ndipo Yalo akajibu mwenyewe. Mwanafunzi wa pili, yaleyale. Wa tatu alikuwa Tepi.

"Chumba cha mitambo, chumba cha mitambo. Hapa Tepi, vali namba sita, gesi inavuja."

"Nimekupata Tepi, nafunga," akajibu Yalo palepale.

Sheria imevunjwa mchana kweupe. Mkuu wa usalama, aliyekuwa kando yangu akipima muda, akatazama saa yake, akatazama mlango aliotokea Pundia kwenda chooni.

"Wenzake wamemwita mtu aliye chooni," akasema polepole. "Huyu ameita kiti."

Akachukua kalamu, akaikata kwa mstari ile sheria ya kuita jina kwenye kitabu.

Kabla hatujaondoka, Pundia kama mkuu wa zamu akapewa karatasi asome majina ya waliochaguliwa. Akasoma watatu. Kufika wa nne akakwama, akakohoa, akaigeuza karatasi kana kwamba jina liko nyuma. Wanafunzi wakaanza kunong'ona, na Tepi akainamisha kichwa.

"Na wa nne," mzee akasema, macho darini, "ni baba wa wajukuu zangu."

Nililia, na sioni aibu kusema.