Maji Machungu ya Bibi

Juzi nilikwenda Kikoneni, nilikokulia, kuwaona jamaa, nikakuta watu wamekusanywa uwanjani shuleni kufundishwa kilimo. Kijana mmoja, fulana yake ingali na mikunjo ya dukani, alikuwa akitangaza mbinu mpya: twanga majani ya mwarobaini, loweka, chuja, tumbukiza mbegu za mahindi, anika kivulini, kisha panda, wadudu hawatazila. Watu wakaandika. Mimi nilikasirika. Mpya kwa nani?

Maana mimi, rafiki yangu, nimekua na harufu ya maji yale. Masika yakikaribia, bibi yangu aliyenilea aliteremsha mahindi aliyoyatundika juu ya jiko tangu mavuno, meusi kwa moshi. Tuliyapukuchua, naye akachagua punje za katikati ya gunzi pekee. Za ncha zote mbili zilikwenda chunguni pamoja na kunde. Mwarobaini ulitwangwa kwenye kinu kikuukuu kilichopasuka, kwani kinu cha chakula kingebaki kichungu wiki nzima. Mbegu zilikaa katika maji yale ya kijani tangu asubuhi hadi adhuhuri, zikaanikwa jamvini barazani, na sisi watoto tukakatazwa kulamba vidole. Nililamba. Siku nzima hata uji wa nazi niliuona shubiri, na bibi akacheka mpaka akafuta machozi. "Umeona? Na mchwa ana ulimi kama wewe."

Kisha mwalimu wetu akaja na pakiti za mbegu zilizotiwa rangi ya waridi. Alituambia waziwazi darasani kwamba mahindi ya wazee wetu ni ya kishamba na maji ya majani ni ujinga. Nami, mwanafunzi hodari, nikampelekea bibi maneno yaleyale, nikamsumbua siku tatu. Akakubali kwa kunipenda tu. Mahindi yaliyokuwa juu ya jiko tukayapika yote.

Mwaka ule tulivuna vizuri, sikatai. Bibi akachagua mahindi bora ya mavuno hayo, akayatundika, akayatia dawa yake kama desturi, akapanda. Yakatoka dhaifu, mengine marefu mengine mafupi, yenye mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Hakuna aliyemwambia kwamba mbegu ile ya pakiti, ukipanda tena punje za mavuno yake, haizai vile tena. Si mwalimu, si muuza duka. Wangeona taabu gani kusema? Bibi alilizunguka shamba lote, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, dawa yangu imekwisha nguvu. Au ni mkono wangu." Hakutwanga mwarobaini tena mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kijana alipomaliza alituhimiza tuanze na mbegu zetu za kienyeji, ndizo zinazofaa.

"Zi wapi, mwanangu?" akauliza jirani yetu mmoja, mtu mzima. "Umekuja nazo?"

"Hizo mnazo nyinyi, mama."

Watu wakaulizana. Hakuna aliyekuwa nazo, wala aliyekumbuka ni nani alizipanda mara ya mwisho.

Mwarobaini wa bibi ungalipo nyuma ya nyumba, umejaa majani. Nilifikicha moja kiganjani, nikalamba. Ni chungu vilevile. Dawa yako ilikuwa nzima, bibi, na mkono wako pia. Mbegu ndiyo tuliyoila, na aliyekushawishi ni mimi.