Vizibo vya Bibi

Juzi treni ilisimama Igalula, nikanunua soda dirishani. Nikaifungua, nikatega sikio. Ikatoa kapumzi kadogo, ts, kama mgonjwa anayekataa uji. Basi. Niliinywa hivyo hivyo, lakini moyo wangu ulikwisha shuka kwenye treni, umetangulia Itetemia, kule Tabora, uani kwa bibi yangu mzaa mama.

Kama hukuwahi kunywa tangawizi ya bibi yangu, ndugu yangu, sikulaumu, nakuonea huruma tu. Shule sikukaa sana, lakini hili nalijua vizuri, na waliokuwapo wamekwisha kufa. Nimebaki mimi, basi acha niseme mimi.

Zilikuwa siku za vita vya Hitla. Sukari ilikuwa ya kusikia tu. Bibi akasema nyuki hawajaenda vitani, akaagiza asali kwa watu wa Goweko, ile nyeusi ya porini, ikaja ndani ya vibuyu na vipande vya nta na nyuki wawili watatu waliokufa kazini. Tangawizi alinunua kwa Mwarabu wa sokoni, akinusa kila kipande kama anayemchumbia mtu. Kutwanga ni kazi yangu. Ikikurukia jichoni, siku hiyo utalia bila msiba. Aliichemsha pamoja na asali, akaengua povu, akaipoza, akaichuja kwa kipande cha kitambaa cha marikani kilichochakaa mpaka kikawa laini kama sikio la mtoto.

Halafu anatoa chachu yake, anaitia kijiko kimoja. Aliiweka kwenye chungu kidogo chini ya kitanda, akiilisha tangawizi na asali kila asubuhi, na kuiamkia kabisa kwa Kinyamwezi, kama anayemwamkia mama yake: "Wangaluka, mayo." Sisi wajukuu tuliamkiwa baadaye. Ilikuwa ikimjibu, nakwambia. Ukiinamisha sikio unaisikia inanong'ona.

Chupa nyembamba hazikufaa, zilipasuka. Zilizofaa ni zile nene za mvinyo walizotupa Wazungu wa boma, na mpishi wao alimwekea bibi. Tulizisugua kwa majivu na mchanga, tukazichemsha. Kila chupa ilitiwa zabibu kavu moja, ikazibwa, kizibo kikafungwa kwa katani, kisha tukazifukia mpaka shingoni kwenye mchanga wenye maji, nyuma ya jiko.

"Mke mwenzangu," bibi ananiita, maana ndivyo alivyonitania, "hebu katazame zabibu."

Nainua chupa juani. Zabibu ikilala chini, bado. Ikipanda juu imevaa vipovu kama shanga, imeiva. Ukinywa, inakuingia puani, machozi yanakutoka, kifua kinafunguka, unacheka bila sababu. Lakini ulevi? Nilianza kuinywa kabla sijamaliza kuota meno, na sijapepesuka hata siku moja.

Sasa niwataje walioharibu mambo. Wa kwanza ni mzee wa kanisa wa mtaa wetu.

Ilikuwa arusi ya mama yangu mdogo, mwezi wa kumi, na unaijua Tabora mwezi wa kumi, hata kuku wanatembea kwa kuruka. Kanisa letu lilikataza pombe, kwa hiyo kinywaji cha heshima kilikuwa tangawizi ya bibi. Na kwetu kulikuwa na desturi, hakuna chakula wala kinywaji kinachoonjwa kabla hakijawekwa mezani chote, kikaombewa. Mzee akafika amechelewa, jasho linamtoka ndani ya koti lake jeupe. Akaona meza ina wali na nyama, vinywaji havipo.

"Viko wapi vya kunywa?"

"Viko mchangani, mzee," bibi akasema. "Hivi havipendi jua. Tubariki chakula, navileta mwishoni."

"Mama, kisichobarikiwa hakinyweki hapa. Leta."

Tukazileta. Bibi akakata katani zote ili kumimina kuwe kwepesi, akijua sala itakuwa fupi, watu wana njaa. Mzee akafumba macho. Akaanza na Adamu. Akamwombea Mfalme wa Uingereza, akaombea mvua, askari wetu walioko vitani, akaombea mpaka treni. Jua liko juu ya chupa. Mimi nimefumbua jicho moja, naona zabibu zinacheza ngoma.

Pa! Kizibo cha kwanza kikampata kidevuni. Pa! Pa! Povu likapanda, likashuka kwenye koti jeupe, na mzee akasema neno ambalo halimo katika Biblia. Bwana arusi akaanza kucheka. Arusi nzima ikamfuata.

Hapo ndipo bibi alipoponzwa, kwa kicheko.

Jumapili iliyofuata akaitwa mbele ya wazee. Shahidi alikuwa jirani yetu, mke wa fundi cherehani. Huyu ni wa pili. Bibi alimgawia chachu, akashindwa kuilisha ikamfia, tangu hapo hakumpenda bibi. Akasimama: "Chupa ni za mvinyo, nimeziona. Na nyumbani kwake wanacheka sana." Mzee akamalizia kwamba maji yasiyo na pombe hayarushi kizibo. Bibi akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana mpaka atubu.

"Nitubu nini?" akawauliza. "Nitubu povu?"

Mama alimsihi sana. "Mama, sema tu umetubu, yaishe. Ukifa, nani atakuzika?"

"Mwanangu, niende kumdanganya Mungu ili nimfurahishe mzee?"

Hakuacha kanisa. Alikaa benchi la nyuma, mwaka hadi mwaka, na wenzake walipokwenda mbele yeye alibaki ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Wala hakuacha tangawizi. Jumapili jioni wale wale waliompita bila kumtazama walikuja uani na vikombe. Akawamiminia. Mimi nilitaka awamwagie.

Alifariki vita vimekwisha, bado amezuiwa. Mzee akakataa kuja, na akakataza kengele isipigwe. Tulimzika wenyewe shambani, mama yangu ndiye aliyeomba, kwa maneno machache. Tuliporudi uani watu wakakaa kivulini, wana kiu. Mama akaenda nyuma ya jiko, akafukua chupa alizoziacha bibi. Hatukuziweka mezani. Akaanza kukata katani moja moja. Pa! Watu wakashtuka, wakainua vichwa. Pa! Mtu mmoja akavua kofia. Wakasimama wote, na mama akaendelea, chupa baada ya chupa, ikasikika mpaka barabarani.

Wa tatu ni mjomba wangu. Aliporithi nyumba alikuta kile chungu, akasema kinanuka, akamwaga chachu, akatia mafuta ya taa. Chachu ya miaka yote ile! Nimejaribu mara nyingi kuanzisha nyingine. Inachachuka, lakini hainong'oni.

Na yule mzee wa kanisa alipokufa, kengele ilipigwa tangu asubuhi. Nilikuwa nafua. Nikaendelea kufua.